Kiti Namba Kumi na Saba

Saa kumi na moja jioni, Tartu imeshameza giza,
theluji inagonga dirisha kama mtu aliyesahau ufunguo.
Maarika anasoma barua pepe ya mzee Uibo:
"Skrini ilisema kiti kipo. Nimetembea kwenye baridi.
Nimemkuta msichana amekikalia, wala hana kosa."

Anafungua msimbo.
Juu ya ukurasa, idadi ya viti vitupu: vitatu.
Kwenye ramani ya ukumbi wa maktaba: viwili.
Kitufe nacho kina kumbukumbu yake, kimeificha mfukoni,
hakiulizi mtu.
Fahari watatu, zizi moja.

Aliandika mwenyewe, mwezi Machi, mbiombio.
"Nitarudi kupanga," alisema.
Nitarudi: neno lenye miguu ya kwenda tu.

Sasa anafuta. Anafuta tena.
Inabaki orodha moja, ya viti vilivyokaliwa.
Idadi isitunzwe, ihesabiwe.
Ramani isikumbuke, iulize.
Na kitufe kikibonyezwa kisijifanyie,
kipeleke habari, kisubiri,
kama mtoto aliyefundishwa kupiga hodi.

Pale palipokuwa na ndiyo na hapana
anaongeza jibu la tatu: bado sijui.
Kiduara kinazunguka. Si aibu.

Saa mbili usiku, chai imepoa,
anajaribu kwa simu na kompyuta pamoja.
Kumi na saba kinageuka chekundu
huku, na huku.

Anamwandikia mzee:
Samahani. Skrini ilikuwa na ndimi tatu.
Kesho itakuwa na mmoja,
hata kama utasema pamejaa.