Majina ya Ghorofani

Leso bila jina haiuziki.
Hilo alinifunza marehemu Ratilal, Mtaa wa Biashara,
kalamu sikioni, miwani imefungwa uzi,
akiniuliza mimi, msichana wa Kuze niliyemfagilia duka:
"Jina hili kali? Litamuuma mke mwenza?"
Nasoma, nacheka, naye anaandika oda.
Jina moja tu lilimshinda:
NIITE UTAKAVYO NITAITIKA.
Wanawake walilipindua, wakalirudisha.
"Hili halimpigi mtu," wakasema.
Robota zima likapanda darini, likawa la mende.

Na huko juu ya duka, kila asubuhi,
kabla sijafungua kufuli la pili,
mkewe, Ba, tuliyemwita Ba sote, hata wateja,
aliwasha utambi wa samli
akamwita Mungu wake majina elfu.
Elfu, si mzaha. Nilihesabu
kwa tasbihi ya nyanya yangu, punje tisini na tisa:
mizunguko kumi,
na majina kumi yakabaki nje ya uzi.

Sikuyaelewa. Yalishuka ngazi na harufu ya bizari,
yakaketi kaunta karibu na yadi ya mbao.
Mimi na swala yangu, yeye na yake,
lakini sikio halina mlango.
Nikawa nakata doti kwa mapigo yake:
Keshava, kata. Madhava, kunja.
Govinda, funga, mpe mama chenji yake.

Siku moja nilimuuliza: Ba, mengi ya nini?
Huyo mmoja hasikii mpaka aitwe elfu?
Alikuwa akichambua dengu. Hakuinua uso.
"Wewe mamako akuitaje?"
Mwanasha, nikasema. Akikasirika, Mwanasha binti Shee.
Nikiugua, kitoto changu.
Nikivunja kikombe, "Wewe!"
"Basi nyinyi wanne huko kwenu mwalala wapi?"
akasema, na kijiwe kimoja akakitupa dirishani.

Akanieleza la Damodara:
yule aliyefungwa kamba kiunoni na mamake
kwa wizi wa siagi, alama ikabaki.
Kwetu halisemwi hivyo, astaghafiru.
Lakini yule mama nilimpenda.

Ratilal akafa. Watoto wakaenda Lesta, wakaenda Toronto.
Duka likauza simu.
Mimi nikapanda ngazi, nikawa wa jikoni.
Ba akaanza kupoteza: kwanza bei ya bamia,
kisha chumvi, akitia mara tatu,
kisha kifo chenyewe.
"Ratilal amekula?"
Amekula, Ba.
Majina elfu tu ndiyo hayakumtoka.

Hata asubuhi moja, mvua ya Mei,
maji yanavuja kwenye ndoo:
"Hetu," akasema.
Kimya.
"Hetu."
Ndoo ikadondokewa, ikadondokewa tena.
"Hetu..."
na sauti yake ikawa ya mtu aliyeshika ukuta gizani.
Nilikuwa na sufuria ya maziwa mkononi.
Mdomo ulinitangulia:
Damodara.

Hakuuliza nani amesema.
Akaishika kamba, akaendelea.
Maziwa yakafurika, nikayaacha yafurike.

Sasa simjui atanijua kwa lipi.
Lile robota nimelishusha. Mende walikula pindo tu.
Nikimwogesha namfunika magoti kwa leso moja,
maandishi yamechujuka,
hayasomeki ila kwa mwenye kuyajua.
"Hansa!" huyo binti yake wa Lesta.
Labeka, Ba.
"Kusum!" dadake, aliyezikwa na utoto wao.
Hawaziki, najua, huchoma; ulimi wangu ndio umezika.
Labeka.
"Ratilal!"
Hapo nakohoa kidogo,
naitika naam, kama waitikavyo wanaume,
na kabla hajauliza
namwambia nimekula.