Gia ya Pili

Novemba, mwaka wa sabini na nane.
Nchi ilikuwa inakaribia miaka kumi na saba,
mimi tisa, lori la baba sita.
Bedfodi, rangi ya jani la mgomba,
kwenye paji limeandikwa *Mwendapole*
na fundi wa Gerezani aliyekuwa amelewa,
ndiyo maana ile P ilikuwa imeinama.

Walikuja watu watatu na daftari, alasiri.
Hawakupiga kelele. Mmoja aliomba maji.
Baba akasaini, akaitazama stakabadhi
kama mtu anayesoma barua ya posa,
akaingia ndani, akatoka na kikoi, mswaki na spana.
"Wamekuja kuchukua gari," mama akasema. "Wewe je?"
"Gia ya pili ina maradhi. Hawataiweza."

Ndivyo Dihenga wa Temeke alivyokwenda vitani:
si kwa bendera, kwa gia.

Tukabaki na redio.
Kyaka, Mtukula, Minziro,
majina yaliyolala kimya kwenye ramani ya darasani,
yakaja kukaa barazani kwetu kama wageni wasio na siku ya kuondoka.
Mama, ambaye hakuwahi kuvuka Ruvu,
aliliulizia daraja la Kyaka
kama anayemuulizia dada yake hospitalini.
Bi Mwanahawa alitoa jogoo.
Ngonyani mlinzi alitoa mshahara wa siku tano,
na mtaa mzima ukakumbushwa hadi Pasaka.

Baba alirudi Agosti, bila gari.
Amekonda, kinywa kimejaa watu:
mama alimwamkia *kamwene*, sisi akatuita *mura*.
Hadithi alikuja nayo moja tu.
Ng'ambo ya mto, mwanamke anakokota bati
kutoka kwenye nyumba iliyoungua.
"Umetoka wapi?"
"Darisalama."
"Mbali?"
"Siku sita, gia ikiwa nzima."
"Basi wewe ni nani wangu, hata uje?"
Baba akatafuta. Ukoo, hapana. Dini, hapana.
Utani wa Wazaramo haukufika huko.
Akashika upande wa pili wa bati,
wakalibeba.

Kisha zikaja foleni.
Kipande cha sabuni, sukari ya kunusa, unga wa yanga.
Tuliambiwa tukaze mikanda miezi kumi na minane;
mkanda wa baba uliishiwa matundu.
Stakabadhi ikalala kwenye kopo la biskuti,
mgongoni ameandika kwa penseli:

    Gari limekwenda vita, risiti imebakia,
    Jina lake nikiita, hapana wa kusikia,
    Masika mengi yapita, bado nawasubiria,
    Anayedai ni nani? Naomba kuulizia.

Hakuipeleka kokote. Au aliipeleka, akarudi nayo.
Mama ana yake, mimi nina yangu,
na mwenyewe ukimuuliza anakuomba chai.

Barabara ya Pugu imebadilishwa jina.
Usiku malori bado yanalia pale mlimani, yamebeba shaba ya watu.
Moja likikosea gia, tasbihi inasimama.
Mkono wake wa kushoto unafunga ngumi gizani,
unavuta hewa nyuma,
taratibu,
mpaka iingie.