Yule Kuku

Simu ya Mama haikujua kwamba mwenyewe amezikwa.
Siku ya tatu baada ya watu kutawanyika,
saa kumi na moja alfajiri, mvua ya Tukuyu ikitwanga bati,
ikalia juu ya kabati la vyombo:
LUSAJO, SWETA.
Lusajo akaamka, akavaa sweta,
akakaa kitandani na sweta lake. Ilikuwa Jumamosi.

Baba, karani wa mizani kituo cha chai,
mtu anayejua uzito wa kila kikapu bondeni kwetu
ila hajui chumvi inakaa kopo lipi,
alitaka kuizima. Kidole kikafika.
Kikarudi.
Akaichomeka kwenye chaji, akasema,
umeme wenyewe huu wa kukatika, itajifia tu.
Halafu akalisikia neno alilolisema,
akatoka nje kwenda kuangalia migomba
ambayo haikuwa na shida yoyote.

Tukazoea kuamrishwa.
Saa kumi na mbili: MAJI YA BABA, YASICHEMKE SANA.
Saa moja kasoro: SUBI, NYWELE.
Basi Baba akanisuka mistari minne,
mmoja ukielekea Mbeya, mwingine Kyela,
na shuleni mwalimu akaniuliza nimepigana na nani.
Jumanne: KIKOBA, MTU ASINIITE.
Hakuna aliyemwita.

Shida ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana:
YULE KUKU.

Basi, hivyo tu.
Kuku gani? Tulikuwa nao sita.
Achinjwe? Auzwe? Anadaiwa?
Bibi Kissa, aliyekuja kukaa wiki mbili
na sasa ana msumari wake ukutani wa kutundikia kitenge,
alisema ni yule mwekundu anayetaga kwa watu.
Mjomba Ambakisye akasema hili ni suala la ukoo,
akaitisha kikao, akala ndizi na maziwa ya mgando,
akaahirisha kikao.
Mama Mchungaji akasema huenda ni fumbo.
Lusajo, miaka saba, akasema
labda alitaka kumsalimia tu.

Kwa hiyo kila Alhamisi saa nane
tulitoka wote na mwavuli mmoja
tukamsalimia kuku mwekundu.
Baba alivua kofia.
Alhamisi ya nne kuku akamtazama kwa jicho moja,
akafikiri,
akamnyea kiatu. Kile cha kanisani.
Na Bibi, ambaye tangu mazishi mdomo wake ulikuwa mshono,
akaguna, akajiziba kwa kitenge, akashindwa,
akakaa chini kwenye tope akicheka,
akimwita mwanawe kwa jina la utotoni
ambalo sisi hatukuwahi kulisikia.
Tukacheka hadi jirani akachungulia juu ya ua
kuuliza kama tumepata msiba mwingine.

Usiku ule nilimkuta Baba jikoni na simu,
miwani imeshuka puani, anabonyeza kwa kidole kimoja.
Nikajua anafuta.
Sikulala vizuri.
Asubuhi nikazihesabu: zote zilikuwepo,
Jumanne, Alhamisi, sweta,
na moja mpya, saa tatu usiku, kila siku,
kwa herufi ndogo, maana kubwa hajui zinapatikanaje:
tumekula

Ulikuwa uongo kiasi. Ugali uliungua,
tulikula maparachichi na chumvi,
ambayo siku hiyo ilikuwa sukari.

Kuku mwekundu ametotoa vifaranga kumi na mmoja
kwa jirani. Jirani anasema ni vyake.
Mjomba Ambakisye amepanda gari, yuko njiani,
ameuliza kama mgando bado upo.