Ufunguo wa Kanisa la Tatu

Kanisa la kwanza halina mlango.
Ng'ombe wa Xuacu huingia kujikinga mvua,
na mtakatifu wa ukutani, uso wake umebanduka nusu,
amekwisha kuwazoea.

La pili limefungwa tangu paa litoboke.

La tatu ndilo lililokuleta, mgeni,
na viatu vyako vizito kwa tope la Asturias.
Lakini ufunguo hauko kanisani.
Shuka. Pita ghala lililosimama juu ya miguu minne ya mawe,
pita bustani: matufaha yamelala nyasini,
madogo, machachu, ya kukunja uso,
hakuna ayalaye, hayo ni ya kinu.
Muulize Etelvina.

Ufunguo unaning'inia msumarini, nyuma ya pipa,
mrefu kama mkono wa mtoto,
na hautoki, asema, kwa mtu mwenye koo kavu.

Zamani angeinua chupa juu ya kichwa,
bilauri chini, usawa wa paja,
macho kayatupa mbali kama asiyehusika,
na uzi mwembamba ungeshuka hewani
ukajivunje kwenye ukingo wa kioo.
Sidra hulala, alisema. Isipoanguka haiamki.
Kunywa upesi, povu halijafa.
Tone la mwisho limwage chini:
bilauri ni moja, na nyuma yako yupo mwingine.

Mwaka huu bega limegoma.
Amekaa kigodani, mkono umefungwa kifuani,
ananielekeza mimi, mkaza mwana,
miaka kumi na tisa nyumbani mwake
sijaruhusiwa kuigusa chupa.
"Juu. Juu zaidi. Usiitazame!"
Nikaitazama.
Nusu ikaniogesha kiatu, nusu ikamwogesha mgeni.
Alicheka mpaka akakohoa.

Jioni tukapanda, sisi wawili tu,
ufunguo ukinipiga pajani kila hatua.
Mlango ulilia. Ndani, baridi ya miaka elfu,
matao matatu, harufu ya nta na panya.
Hakupiga magoti; magoti nayo yamegoma.
Akatoa chupa chini ya shali, na bilauri.
"Hapa Selmo alivuta kamba ya kengele.
Kamba imebaki. Mimina."

Nikainua. Sikutazama.
Gizani nikasikia uzi ukishuka,
na kioo kikaitika.

"Lete," akasema, akinyoosha mkono mzima.
"Selmo atapata tone la mwisho.
Amezoea kungoja."