Stima Ilipopotea Ngara

Alhamisi, nyuma ya duka la Mumbua la vitambaa,
tulikuwa wanne na sufuria moja ya githeri.
Sheria ni moja: mwenye kichupa cha chumvi ndiye msemaji.

Halkano alikishika, akaitetea serikali:
barabara ya kwao Marsabit imefika,
babake alizikwa ikiwa bado ni vumbi.
Okumu, fundi wa vinanda, kura yake ilikwenda kwingine.
Aliuma kijiko, akangoja zamu.
"Lami hailiwi," akasema, chumvi ilipomfikia.
Mumbua akauliza kama mahari ya bintiye
yapokewe kwa mbuzi au kwa simu.
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Mimi nilikuwa na hoja kali,
nimeinoa tangu Jumatatu.
Ndipo stima ikapotea, Ngara nzima giza,
chumvi haionekani.
Tukanyamaza; sheria ni sheria.

Halafu sauti, ya chini, haina mwenyewe:
"Hapo, mwenzangu, umenishinda."

Taa ziliporudi kila mtu alikuwa akiitazama githeri.
Mpaka leo hatujui nani alimwambia nani.
Hoja yangu nilirudi nayo nyumbani
mfukoni, butu,
pamoja na chumvi, niliyoichukua bila kujua.