Maji Yaliyopaswa Kuwa Meusi

Katika picha hii maji hunyamaza.
Ndivyo tulivyoiagiza sumaku: ubongo uwe kijivu,
ugonjwa uwe mweupe,
na maji yanayouogesha ubongo yawe meusi tii,
kama chungu kilichosahauliwa mekoni.

Haya ya Bi. Tupokigwe yanang'aa.
Kila mfereji, kila bonde,
kama Uyole alfajiri ya Julai,
ukungu umekalia mashamba
na paa za bati tu ndizo zimebaki juu.

Saa tisa usiku. Koti juu ya sweta.
Kitabuni weupe huu una majina, wala hayapendezi:
damu. Usaha. Saratani iliyotambaa kimya kwenye utando.
Kidole kimeshaandika d,
kikagoma.

Umelingana mno.
Damu haina adabu hiyo. Damu hutuama,
huchagua upande, hushuka kisogoni kwa aliyelala chali.
Huu umetandikwa kama shuka la wageni.

Nikampigia Anyosisye, aliyepiga picha.
"Alikuwa na vibanio kichwani?"
"Vitatu. Nilivitoa, viko kwenye bahasha."
"Alitikisika?"
"Alilala kama gunia la viazi."
"Dawa ya mshipani?"
"Hatukumpa."
Kimya. Nyuma yake mashine inahema.
"Ila alikuja na mtungi, daktari. Oksijeni,
tangu Tukuyu, imefunguliwa yote.
Sikuthubutu kuifunga."

Pumzi!
Pumzi tu, imezama majini ikawasha taa.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaona haya,
maana usaha nao huvaa nguo nyeupe,
na kumtambua mgeni mlangoni
si kusema mwizi hayumo ndani.

Nikaandika: Huenda ni oksijeni.
Huenda. Neno gani hili,
linakwenda, linakwenda, halifiki.
Nikaongeza: maji ya uti wa mgongo yapimwe
usiku huu. Msingoje kuche.

Dirishani Loleza haupo, ukungu umeumeza.
Kwenye korido mwanawe, Gwamaka, kajifunika blanketi la mama,
chupa ya chai katikati ya magoti.
"Mmeona nini?"
"Weupe," nikasema.
Niliogopa kusema mwanga,
saa zile neno hilo lina watu wawili ndani yake.
"Wa nini?"
"Bado tunauuliza."

Akatazama viatu vyangu muda mrefu.
Kisha akamimina chai kwenye kifuniko,
akaipuliza kwanza,
akanipa.