Vikombe Vitatu

Ukisimama mlangoni kwetu, juu ya mawe ya Igogo,
ziwa lote liko chini, limejilaza mpaka macho yachoke,
na mke wangu Nyanzobe anaruhusiwa vikombe vitatu.
Kwa siku. Chai humohumo. Mchuzi humohumo.
Na vidonge vimezwe kwa maji yaleyale.

Huyu aliyepandisha ndoo kwenye mawe haya
akiwa na mimba ya pacha,
asimwage tone.

Mimi ni fundi cherehani. Udaktari sikuusoma.
Lakini mashine naijua kwa mlio:
ile ya kitanda cha nne ikikohoa
nimeshasimama kabla taa nyekundu haijawaka.
Zamani Sista Generoza alinikaripia, "Baba, kaa nje."
Siku hizi ananiuliza, "Fundi, leo unaisikiaje?"

Nina daftari la kaunta.
Kwa mbele: Mama Bahebe, zipu, elfu mbili, hajalipa.
Kwa nyuma: Jumatatu, kilo hamsini na nane na nusu,
ametoka na hamsini na sita. Presha. Potasiamu.
Neno hili nimejifunza ukubwani,
kama mtu anavyojifunza jina la mwizi wake.
Anakaa kwenye ndizi. Anakaa kwenye chungwa,
na kwenye matobolwa ya mama mkwe
niliyoyarudisha kwa heshima zote,
na mpaka leo amenuna.

Mkono wa kushoto ndio mlango wa damu.
Ukiweka kidole hapa, unanguruma
kama paka aliyeshiba.
Usiku naugusa kabla sijalala,
nikihakikisha komeo.
Siku moja kijana wa koti jeupe akaja na kipimo cha presha,
akaushika mkono huohuo.
"Huo hapana," nikasema.
"Mzee, hii ni kazi ya–"
"Huo hapana, baba. Shika wa kulia."
Ilinitoka sauti nisiyoijua. Wodi nzima ikageuka.
Nyanzobe alikuwa amefumba macho,
anacheka.

Dirishani kwa bima, binti akaniambia
wiki hii ni mara mbili, siyo tatu,
mfumo haujakubali.
Nikamuuliza, "Mfumo una figo ngapi?"
Hakucheka. Nami sikuwa natania.
Nikakaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi,
daftari mapajani, barua ya daktari juu yake,
nikawa jiwe. Sisi huku mawe tunayajua:
hayasukumwi, yanazungukwa.
Saa tisa na robo wakanizunguka. Muhuri ukagonga.
Ya wiki ijayo tutaonana palepale.

Shemeji Lukelesha anataka niuze kiwanja cha Usagara
tumpeleke kwa mtu wa mizizi.
Nilimsikiliza, nikampa chai.
Sikumwambia kiwanja kiliondoka mwezi wa pili,
kikapita kwenye mrija, matone kwa matone.

Wala si kila siku mimi ni mtu mwema.
Ipo Jumapili moja nilimfokea kwa funda moja tu la ziada,
funda moja, mbele ya wanawe.
Nikatoka nje nikaliona ziwa,
nikalitukana matusi ambayo sikuwahi kumtukana mtu.
Lilimeta tu.

Tangu hapo nikawa nakunywa maji nyuma ya nyumba,
nimeinama kama mvulana anayevuta sigara.
Jana akanikuta.
"Unajificha nini?"
Akavuta kigoda, akakaa.
"Kunywa hapahapa. Polepole, nisikie."
Nikanywa. Alikuwa akilitazama koo langu
likipanda, likishuka.
"Yana baridi?"
"Kidogo."
"Sema kweli."
"Yana baridi sana, Nyanzobe."